Daftari la Amri za Simu

Kofi la kwanza mdogo wangu alinipiga nikiwa nimeketi, la pili nikiwa nainuka. La tatu lilinikuta sakafuni, kati ya meza na kabati la chuma, naonja damu na kujiuliza mtoto niliyembeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki kajifunzia wapi kupiga hivi. Jibu nililijua. Kajifunzia kazini. Yeye ni sajenti wa askari wa manispaa, na mimi ni karani wa masjala ya manispaa hiyohiyo, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha.

Alikuwa anataka daftari.

Masjalani kwetu barua ikiingia huandikwa: tarehe, saa, imetoka kwa nani, inasema nini, nani kaipokea. Isipoandikwa, haikuzaliwa. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, na wakubwa wanne wamekuja na kuondoka wakiniacha palepale. Wa tano, Mkurugenzi huyu wa sasa, aliona karatasi ni mambo ya wazee. Akafungua kundi kwenye simu, akaliita Kazi Tu, akatuingiza wakuu wa idara, masajenti watatu, na mimi wa kuchapa matangazo. Amri zote zikahamia humo. Tena akalitega ili kila ujumbe ujifute baada ya siku moja. Hataki takataka, alisema.

Mimi nina kichwa kigumu, hata marehemu mama alikiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga wangefanya kazi masjala wangeongeza na amri. Nikawa nanakili kila ujumbe wa kundi kwa kalamu, kwenye daftari kubwa lenye kurasa za namba, kama barua iliyoingia. Katika safu ya mpokeaji niliandika nani kajibu, saa ngapi, na kajibu nini, hata kama ni ile alama ya kidole gumba ya kukubali. Wenzangu walinicheka wakanipa jina la Bibi Folio, kwa zile namba zangu za kurasa. Niliwaacha wacheke.

Jumanne moja, saa mbili na nusu asubuhi, Mkurugenzi aliandika kwamba wachuuzi wote wa barabara ya stendi watoke kabla ya saa nne, asiyetaka apigwe, na yeye asiulizwe maswali. Nikanakili. Saa nne na dakika kumi akaandika tena: waache, waandishi wa habari wamefika, warudi kambini. Nikanakili hilo pia na majibu yake, kisha nikashuka kunywa chai.

Pale barabarani fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa ameikumbatia cherehani yake na hataki kuiachia. Alipigwa rungu la kichwa mara nne au tano, mpaka fuvu likabonyea na jicho moja likatoka. Alikufa juu ya nguo za wateja. Ilikuwa saa nne na nusu. Muuza magazeti wa jirani alitazama saa yake. Aliyeshika rungu alikuwa mdogo wangu.

Kesho yake kundi halikuwepo tena. Mkurugenzi akaiambia tume ya uchunguzi kwamba hakumwagiza mtu ampige mtu, askari walijiamulia wenyewe. Mdogo wangu akasimamishwa kazi, na kesi ya mauaji ikawa inamngoja yeye peke yake. Alikuja kwangu nyumbani analia, anaapa kwamba ujumbe wa kuacha hakuuona: simu mfukoni, rungu mkononi, asome saa ngapi? Nikamwamini. Nikamfuta machozi, nikamwambia dada yako ana daftari. Nikaiarifu tume kuwa nitalileta Jumatatu saa nne, katika ukumbi ulio chini ya ofisi zetu.

Jumatatu hiyo asubuhi nikaufungua ukurasa ili niuwekee alama. Juu kulikuwa na amri ya kupiga. Chini yake, amri ya kuacha. Na katika safu ya mpokeaji, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Sajenti wa stendi, saa nne na dakika kumi na mbili, kidole gumba. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimenakili vidole gumba vingapi mimi, nani atavikumbuka? Aliuona ujumbe. Aliujibu. Kisha, dakika kumi na nane baadaye, alimuua yule mama. Nikakaa.

Alipoingia nilimwonyesha. Akasema tuchane ukurasa. Nikamwambia tukiuchana, na ile amri ya Mkurugenzi imekwenda. Akasema basi niandike daftari jipya, kwani mwandiko si wangu? Nikasema siandiki. Hapo ndipo kofi la kwanza lilipokuja.

Nilikuwa nimelifungia daftari kwenye droo ya chini ya kabati, na ufunguo nimeuficha kifuani. Akaniingiza mkono kifuani, mimi dadake, akautoa. Akafungua droo. Nikarukia daftari kwa mkono wa kulia, naye akaisukuma droo kwa buti. Nilisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Akasukuma tena. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mkurugenzi, ofisi yake inatazamana na yetu. Aliutazama mkono wangu, akaliona daftari, akamtazama mdogo wangu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeridhika na kazi. Kisha akafunga mlango taratibu.

Mdogo wangu akabaki ameukodolea macho ule mlango, buti lake bado liko kwenye droo.

"Toa mguu," nilimwambia. "Halafu uniambie kweli. Uliuona?"

Alitoa mguu. Akakaa sakafuni karibu nami, anahema.

"Niliuona, dada. Nikajibu. Nilikuwa nageuka kuondoka. Yule mama akanitukana mbele ya vijana wangu. Akasema nimeogopa kamera. Basi."

"Kwa neno hilo tu?"

"Kwa neno hilo tu."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nilimdekeza huyu, kila alipompiga mtoto wa jirani nilikwenda mimi kuomba radhi. Nilitamani kumshika kichwa, na nilitamani kumpasua kwa kiti. Nikamwambia daftari linashuka chini pamoja na ukurasa wote. Akaniuliza kama mimi niliyemlea ndiye nitakayempeleka kufungwa. Nikamjibu ndiyo, ni mimi, na kwa kuwa mkono amenivunja, atalibeba yeye.

Sijui kwa nini alilibeba. Tulitoka, mimi nimeufunga mkono kwa kanga, damu inadondoka. Kwenye korido kulikuwa na foleni ya watu wa leseni, wapata kumi na wawili. Mkurugenzi alikuwa amesimama penye ngazi.

"Sajenti, nipe hilo daftari," alisema. "Ni amri."

Hiyo ilikuwa amri yake ya kwanza niliyoisikia kwa masikio badala ya kuisoma. Akanyoosha mkono kulichukua. Mdogo wangu alilinyanyua kwa mikono miwili akampiga nalo mdomoni, kwa upande wa jalada gumu. Meno mawili yakaruka. Akampiga tena alipopiga magoti, na tena alipoanguka, na hakuacha mpaka nilipomshika kola kwa mkono mzima nikamvuta. Watu wanasema mdogo wangu alitubu siku ile. Mimi niliyaona macho yake pale kwenye ngazi, na ndiyo macho aliyoyaona yule fundi.

Ukumbini, watoto wa marehemu walikuwa wameketi mstari wa mbele. Polisi walimfunga mdogo wangu pingu wakamsimamisha ukutani. Mwenyekiti wa tume akaniuliza kama nitaweza kusoma mkono ukiwa katika hali ile. Nikamwambia sisomi kwa mkono.

Nilisoma amri ya kupiga, na saa yake. Nilisoma amri ya kuacha, na saa yake. Mdogo wangu akainua macho akanitazama, kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, anapotaka nimsemee. Nikasoma cheo chake, dakika na jibu lake. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniliza mpaka leo.