Koti la Baba wa Tadala

Mwaka ule vijana wa Tembisa, Afrika Kusini, walipopita mlango kwa mlango wakiwasaka wageni, Wedson Kachingwe alimfunga binti yake mgongoni kwa kitenge, kama wafanyavyo wanawake, akakata vichochoro naye hadi kituo cha polisi. Enelesi, mkewe, alikuwa amelazwa hospitali. Baba na mtoto wakalala uani kwa polisi pamoja na Wamalawi wenzao mpaka fujo zikapoa. Toka hapo Tadala akawa mtoto wa baba. Baba ndiye aliyemsuka nywele, tena vibaya, akachekwa shuleni. Baba ndiye aliyehudhuria mikutano ya wazazi, viatu vimejaa udongo wa bustani za Wazungu alizokuwa akitunza.

Basi Mthobisi Hadebe alipotaka kumwoa, Tadala hakuona ugumu wowote. Wazee wa Mthobisi wangekuja kutoka Newcastle, huko kwa Wazulu, wangekaa na Baba, mambo yangekwisha.

"Siyo Baba," Enelesi alimwambia. "Ni mjomba wako Fostino. Nimeshampigia simu, yuko njiani."

"Mjomba? Yule aliyeniona mara moja, akaniita kwa jina la mtu mwingine?"

"Ndiye mwenye wewe. Wewe ni wa ukoo wangu, na msemaji wa ukoo wangu ni yeye."

Tadala alimgeukia baba yake huku akicheka, akitegemea naye atacheka. Wedson alikuwa akipuliza chai.

"Mama yako kasema kweli," alisema.

Kwao Dedza, Malawi, mwanamume huhamia kwa wakwe, hulima shamba la wakwe, na watoto anaowazaa huwa wa upande wa mama yao. Wedson hakupata kuliona hilo kuwa dhuluma. Yeye mwenyewe alikuwa mjomba wa watu. Wapwa zake hawakuolewa bila yeye kutia neno. Ila miaka ya Tembisa ilikuwa imemzoesha kuitwa baba kwa namna ya pale, na, kusema kweli, alikuwa ameipenda.

Wahadebe walifika Jumamosi asubuhi na mapema, wanaume watatu, wakasimama langoni wakipaza sauti kuomba kuingia. Kwao mposaji hubisha hodi kwa kuutaja ukoo wa wenyeji kwa sifa zake; hawakujua sifa za ukoo wa Kachingwe, basi wakawa wanabuni tu. Mjomba Fostino aliwaacha kwanza wapigwe na baridi, kisha akawakaribisha sebuleni kwa Kizulu alichookota zamani migodini. Enelesi na Tadala walikuwa chumbani. Wedson alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa jikoni, mahali pa mkwe. Mlango ulikuwa wazi, akasikia yote.

Mzee Hadebe, mkubwa wa wale wageni, alianza habari za ng'ombe wa mahari. Fostino akamkata.

"Sisi hatuuzi mtoto. Leteni jogoo."

"Jogoo?"

"Mmoja tu. Asiwe na kilema."

"Bwana wee, njia yote ile kutoka Newcastle tumekuja kuongea habari ya kuku?"

"Kaka, kubali upesi," mwenzake alimwambia, "kabla hajabadili mawazo!"

Wakaangua kicheko wote, Fostino naye akacheka, na kicheko kikalainisha mazungumzo. Walikubaliana kila upande ufuate ya kwao. Nje kwenye benchi Wedson alishusha pumzi.

Ndipo Mzee Hadebe akafungua mfuko, akatoa koti la sufu, zito, la kijivu. Tadala na Mthobisi walikuwa wamelichagua wenyewe. Tadala alikuwa ameiba koti kuukuu la baba yake kwa siku moja ili kupata kipimo.

"Hili ni la baba aliyemlea," mzee alisema. "Kwetu hatumchukui msichana hatujamvisha baba yake. Yuko wapi?"

"Liache hapo," Fostino alijibu.

"Kwani wewe ndiye baba?"

"Mimi ndiye mwenye binti. Baba yake ni mkwe wetu. Yuko nje."

"Nje? Mwenye nyumba?" Mzee aliinuka, akachungulia jikoni, akamwona. "Baba! Unakaaje huko? Njoo tukuvishe!"

Wedson alisimama. Akamwona Fostino ameinamisha uso, amekaza taya. Hakuhitaji kuambiwa. Akilipokea lile koti, shemeji yake ataondoka na basi la jioni, na siku Enelesi atakapougua au kufiwa hatatokea ndugu hata mmoja wa kumsimamia. Mlango wa chumbani ulikuwa umefunguka kidogo, na katika ule uwazi alimwona Tadala akitabasamu, anangoja.

"Mpeni mjomba wake," alisema. "Mimi sina neno hapa."

Mlango wa chumbani ukafungwa.

Wageni walipokwisha kuondoka, Tadala alimkuta palepale kwenye benchi.

"Koti lile lilikuwa lako, Baba."

"Kwetu, mwanangu, mwanamume akipokea kitu kama kile—"

"Kwetu wapi? Mimi kwetu ni hapa. Hapa mtu akikataa mbele za watu kuwa baba yako, amekukataa."

"Sikukukataa."

"Ulisema huna neno." Hakupaza sauti. "Nilikusikia."

Siku ya harusi, kanisani Newcastle, aliyemwingiza bibi harusi ni Mzee Rantho, mtu wa kabila la Wapedi, jirani yao kule Tembisa. Tadala alikuwa amemwomba kimyakimya. Enelesi alipomsihi aingizwe na mtu wa kwao, alijibu kwamba mjomba amesharudi Dedza, na Baba amesema mwenyewe si msemaji. Wedson alikaa benchi la tatu, akasimama watu waliposimama, akapiga makofi walipopiga. Rantho alipopita karibu yake alitazama chini kwa aibu.

Baada ya hapo Tadala alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Akiongea na mama yake wanacheka. Akipewa Wedson anauliza hali, kazi, mgongo. Maswali mazuri, kama ya binti wa jirani aliyefundwa adabu.

Tadala alipojifungua mtoto wa kiume, Enelesi alikwenda kumsaidia. Aliporudi, Wedson alimpokea mzigo kituoni, wakatembea hadi nyumbani.

"Ulimwambia?" alimuuliza wakiwa mezani.

"Nilimwambia. Kwamba ulikataa kwa ajili yangu, ili nisibaki bila ndugu."

"Akasemaje?"

Enelesi aliumega ugali, akaurudisha sahanini.

"Alisema, 'Basi Baba alikuchagua wewe, Mama.'"

Wedson alisukuma sahani yake kando. Alikuwa hata na hasira kidogo, kwa kuwa neno lile lilikuwa kweli na hakuna mtu aliyemwambia siku ile kwamba anachagua.

"Mtoto anafanana na nani?" aliuliza.

"Na wewe," mkewe alisema, akaanza kulia.

Wedson alisogeza kiti karibu yake. Wakakaa hivyo mpaka mboga ikapoa, na kesho yake akaenda kazini.