Asali ya Baba Yaisha Mbio

Tangu mteja mmoja amwambie kuwa asali huwanoa wazee akili, fundi cherehani hakutulia. Alinunua chupa kubwa, akawa anamlisha baba yake kijiko kimoja kila asubuhi. Mzee alikuwa dereva wa lori mstaafu, bingwa wa utani, ila siku hizi maneno yalimzimikia njiani.

"Baba, leo siku gani?"

"Siku ya kuniacha ninywe chai."

Fundi, binti yake, alicheka, moyo usicheke. Akianza mshono, anauacha katikati kwenda kumchungulia.

Kisha asali ikaanza kuisha mbio. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, baba, na wifi yake, ambaye mumewe alikuwa safarini.

"Wifi, ukitaka asali si useme tu?"

Wifi aliitua sufuria. "Mimi? Nile asali ya mzee?" Akaingia chumbani, akaubamiza mlango.

Mchana ule fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya pazia linalotenga cherehani na sebule, akitafuta pini. Mara, kwa upenyo wa pazia, akamwona baba akija kwenye kabati la asali, akalamba kijiko, akafunga kifuniko vizuri, akarudi kitini. Hata chai yake haijapoa, akainuka tena.

"Huyu binti leo kanisahau," alijisemea. "Hata asali yangu hajanipa."

Akachota.

Fundi alibaki pale chini, pini imemchoma kidole asisikie.

Alimfuata wifi jikoni. "Nisamehe, wifi yangu. Ni baba mwenyewe."

"Najua. Nimemwona siku nyingi. Ningekuambiaje, na wewe matumaini yote umeyatia kwenye chupa?"

Kesho yake walimpeleka kliniki wote wawili. Daktari alisikia habari za asali, akampima damu, akamuuliza hili na lile, kisha akamgeukia binti.

"Asali ni chakula, mama, wala usiitegemee kama dawa. Na kwa kiasi anachokula, sukari imeshapanda. Iwekeni mbali, tutafute kwanza kinachomsahaulisha."

Wakakaa ukumbini kusubiri vipimo vingine. Fundi hakukaa, alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Kwani mgonjwa ni nani hapa?" baba aliuliza.

Fundi akasimama mbele yake.

"Ni wewe, baba."

Mzee akagonga kiti cha pembeni yake.

"Basi kaa, mwanangu. Unanizungusha kichwa."

Fundi akakaa, akaushika mkono wa baba. Mguu wake mwenyewe uliendelea kupigapiga sakafu.