Juzuu ya P hadi R

Mzee Kimaiyo aliingia maktabani taratibu, kama mtu aendaye matangani, akasimama mbele ya Naliaka, mtunza vitabu. Ilikuwa Februari 2008, majuma machache baada ya uchaguzi kugeuka vita vya kikabila. Tangu kwake Rongai hadi mjini Nakuru alikuwa amepita mapaa yaliyoteketea, mengi mno, mpaka akaona afadhali afumbe macho.

"Nataka ile ensaiklopidia yenye historia ya Bonde la Ufa," alisema. "Nani alitangulia kukaa huku."

Naliaka hakuinuka. "Wewe ni wa sita wiki hii, mzee. Mnatoka kila upande, na swali ni lilo hilo." Akaelekeza kidole kwenye meza ya dirishani. "Juzuu ya P hadi R iko na yule mama. Mngoje amalize."

Yule mama alikuwa Wariara. Kwa miaka tisa alifundisha darasa la tatu katika shule ambayo Kimaiyo aliiongoza hadi alipostaafu. Wiki ya kwanza ya Januari, mchana kweupe, nyumba yake ilichomwa. Kimaiyo alikuwa mashamba mawili kutoka hapo, mlango ameutia komeo, akisikiliza. Tangu siku hiyo usingizi ulimhama.

Angegeuka aende zake, lakini wazee wenzake walikuwa wamemtuma. Yeye ndiye msomi wao. Yeye ndiye wa kuandika karatasi ya kuthibitisha kwamba kabila lao ndilo lililotangulia huku. Wangeisoma mkutanoni Jumapili. Akavuta kiti.

"Hujambo, Mwalimu."

"Sijambo, Mwalimu Mkuu." Cheo hicho hakukitamka kwa kejeli, na hilo lilimuuma zaidi. "Nitakuachia kitabu sasa hivi."

Mkono wa kulia wa Wariara ulikuwa umefungwa bendeji hadi vidoleni. Aliandika kwa wa kushoto, na herufi zilipepesuka kwenye mstari kama za mtoto wa chekechea.

"Unatafuta nini?"

"Pengwini. Nafundisha watoto hemani, pale uwanja wa maonyesho tulikokimbilia, na vitabu hatuna. Jana mmoja aliuliza kama kuna mahali duniani pasipo na watu. Nikamwambia iko nchi ya barafu, wenyewe ni pengwini. Sasa wanataka kujua yote."

Alimsogezea kitabu. Kimaiyo akafunua kwenye "Rift Valley", Bonde la Ufa: aya mbili tu. Watu walikuja makundi kwa makundi. Waliokuja waliwakuta wengine, na waliokutwa nao walikuwa wamewakuta wengine. Majina ya wa mwanzo hayajulikani. Alisoma mara mbili, akitafuta mwanya wa kupenyeza neno la wazee. Mwanya ulikuwapo, mtu aliyesahihisha insha miaka thelathini haukosi. Alichokosa ni nguvu ya kuupenya.

Akafungua daftari jipya alilonunuliwa kwa kazi ile, akarudisha kurasa za kitabu nyuma hadi kwenye pengwini.

"Nisomee," alisema. "Nitaandika mimi."

Wariara alikivuta kitabu kwake. Kisha akaanza kusoma, akitafsiri kutoka Kiingereza polepole, kama atoaye imla. Dume hubeba yai juu ya miguu yake karibu miezi miwili, bila kula. Baridi ikizidi, husongamana. Kimaiyo aliandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, wa mviringo.

"Siku ile nilikuwa nyumbani," alisema bila kuinua uso.

"Najua. Niliona moshi wa jikoni kwako." Wariara akafunua ukurasa. "Andika: hawawezi kuruka."

Akaandika.

Naliaka alipoanza kufunga madirisha, kurasa saba zilikuwa zimejaa. Kimaiyo alizichana kwa uangalifu, akampa Wariara. Wakatoka pamoja bila kupanga, wakafuata barabara mpaka lango la uwanja, ambako mahema meupe yalianzia.

"Mwandiko si wangu," Wariara alisema. "Watoto wataniuliza ni wa nani."

Wariara alingoja kidogo, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kumngojea mwanafunzi mzito, kisha akaingia, karatasi amezikumbatia kwa mkono mzima.

Askari wa lango alimwangalia yule mzee aliyebaki amesimama. "Mzee, unaingia ama unarudi?"

"Nipe dakika," Kimaiyo alisema, akaketi juu ya jiwe kando ya lango.