Alama ya Gumba Kwenye Kopo la Grisi

Nawaandikia akina mama wenye watoto wanaopanda pikipiki. Shule niliishia darasa la saba, lakini hili nimeliona kwa macho yangu.

Baba watoto alikuwa fundi pikipiki. Aliacha kopo la grisi nyeusi ya breki, ile isiyoyeyuka kwa joto. Juu ya grisi hiyo palibaki alama ya gumba lake, lile lililokatwa ncha na mnyororo. Alichota asubuhi, saa sita alikuwa marehemu. Nikafunga kopo, nikaliweka kabatini chini ya mashuka. Picha zake zote kanuna; ile alama ndiyo ilikuwa yeye.

Binti yetu, tunamwita Spana, kashika kazi ya baba yake. Jumamosi breki zilikuwa zinang'ang'ania, akafungua magurudumu yote mawili.

"Mama, kopo la baba liko wapi? Nataka kiasi cha kichwa cha njiti tu, nipake kamu." Kamu ni kile kichuma kinachogeuka ukikanyaga breki, kikasukuma viatu vya breki vibane gurudumu kwa ndani.

"Liliisha."

"Liliisha? Ulipaka kwenye mkate?"

Nikamletea grisi ya njano ya beringi. Akainusa. "Hii ikipata joto inakuwa maji."

"Grisi ni grisi. Paka nyingi, isikauke."

Akapaka, kwa kuwa nimesema mimi, akafunga magurudumu, akaondoka nayo.

Saa tisa naanika nguo, nikasikia kabatini ko, ko, kama mfuniko unafunguliwa. Nikajiambia ni panya. Sikwenda kutazama.

Saa kumi Spana akarudi anasukuma pikipiki, midomo imemkauka.

"Pale mteremkoni nilikanyaga, nikabana, hakuna kitu. Kama nakanyaga matope. Mbele kona, chini shimo. Halafu gurudumu la nyuma likashika lenyewe, Mama. Taratibu, kama mtu kaliwekea mkono."

Akalifungua palepale uani. Grisi ya njano ilikuwa imetiririka, viatu vya breki vimelowa chepechepe. Breki ya hivyo haishiki. Lakini kwenye kamu palikuwa na tone jeusi, kiasi cha kichwa cha njiti, limebonyezwa na gumba lisilo na ncha.

Akaliinamia. "Mama, kopo liliisha kweli?"

Nikaenda kabatini. Mashuka yamekunjwa vilevile nilivyoyakunja. Nikafungua kopo mbele yake. Alama haipo. Grisi imelala tambarare, kama haijaguswa na mtu tangu itoke dukani.

"Chukua, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuficha."

Alichovya njiti, akaanza kazi upya.

Jamani, kama nyumbani kwenu kuna kitu cha kazi cha marehemu, wapeni watoto wakitumie. Siku hizi kila Spana akitoka namuuliza kapaka ipi, ananicheka. Mimi sicheki. Aliyekuja siku ile kaondoka na alama yake, na sijui kama atakuja tena.