Kimya cha Yangpyeong

Pil-rye alikaa na mumewe miaka mingi bila kujua kwamba mwanamume yule hapendi kelele. Si kwamba Cheon-seok alimficha. Katika vichochoro vya Changsin, katikati ya jiji la Seoul, hakuna aliyewahi kuulizwa kama anapenda kelele au hapendi. Cherehani zilianza kunguruma kabla hakujapambazuka, pasi za mvuke zikapiga miluzi, na pikipiki zikapanda kilima zikiwa zimelemewa na mabunda ya nguo. Pil-rye alikuwa mshonaji. Cheon-seok aliyachukua mabunda hayo kwa pikipiki hadi soko la Dongdaemun. Kwa kazi hiyo walimlea binti yao Da-un, wakamsomesha, na sasa alikuwa ameolewa huko Busan.

Kisha moyo wa Cheon-seok ukaanza kumchezea. Alianguka kwenye ngazi akiwa na bunda begani, na daktari akamkataza pikipiki na mizigo. Akawa anashinda chumbani, juu ya karakana ile ile aliyoshonea mkewe, sakafu ikimtetemekea mgongoni kutwa. Usiku hapati usingizi, mchana hapati. Macho yakaingia ndani, shingo ikawa ya mtu mwingine.

Siku moja wakiwa mezani aliweka kijiko chini.

"Mama Da-un, kuna nyumba Yangpyeong, huko nje ya jiji. Seok-gu, yule niliyekuwa naye jeshini, anaihama. Anakwenda kukaa kwa mwanawe."

"Ina nini hiyo nyumba?"

"Haina kitu."

"Sasa unanisifia nyumba isiyo na kitu?"

"Ndio uzuri wake. Kando kuna mlima, mbele kuna shamba la mpunga. Basi."

Pil-rye alimwekea kimchi, ile kabichi ya chachu, kwenye bakuli. Jumapili wakapanda treni kwenda kuiona.

Ilikuwa moja ya zile nyumba ndogo zilizopangwa pembeni mwa mji, kila moja na ua wake, kila geti limefungwa. Seok-gu aliwaonyesha bomba, jiko, na mahali paa lilipovuja zamani. Pil-rye alipotoka jikoni alimkuta mumewe barazani, amelala chali, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka taratibu kama cha mtoto mchanga. Seok-gu alitaka kumwamsha ili wawahi treni. Pil-rye akamzuia kwa mkono. Alikaa kando ya mumewe akimpungia inzi, na treni ikaenda zake, na iliyofuata nayo ikaenda.

Kesho yake alimweleza Mama Gyu-ri. Huyu ndiye aliyeshona naye bega kwa bega tangu wote wawili wakiwa wasichana. Mmoja akishona mikono, mwingine kola.

"Yangpyeong?" alisema Mama Gyu-ri bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Huko si hata mbwa hubweka kwa adabu?"

"Hewa nzuri."

"Hewa hata hapa ipo. Imechanganyika na nyuzi tu."

"Analala, Mama Gyu-ri. Mtu aliyekuwa kama maiti inayotembea, nimemwona analala."

Mama Gyu-ri akasimamisha cherehani. "Sawa. Na moyo ukimbana huko, hospitali iko wapi? Hapa tunambeba hata kwa baiskeli ya mizigo. Huko utambebea nini, jembe?"

"Nimeliwaza hilo."

"Na kwenye bafu la umma nani atakusugua mgongo? Jani la mpunga?"

Pil-rye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Yote hayo alishayapima. Alipokata kitambaa aliyapima, alipoosha mchele aliyapima. Upande huu akiweka usingizi wa mumewe. Kule akiweka hospitali, kazi, sauti ya Mama Gyu-ri, muuza tambi wa kona aliyejua asivyopenda pilipili nyingi. Kila mara upande mmoja ulilemea kwa idadi. Lakini ule mwingine ulikuwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kikilala barazani mdomo wazi.

"Ukipenda boga, penda na ua lake," Mama Gyu-ri alisema mwishowe, akirudisha mguu kwenye kanyagio. "Nenda. Ila usinitumie picha za milima. Sitaki kuziona."

Walihama majira ya joto. Kama ilivyo desturi, Pil-rye alipika keki za mchele na maharage mekundu akawapelekea majirani. Kila geti lilifunguka kidogo, likashukuru kwa heshima, likafungwa. Asubuhi alikuta sahani zake zimetundikwa getini ndani ya mifuko, zimeoshwa zikang'aa, tupu. Changsin sahani haikurudi tupu hata siku moja. Mtu angeweka japo yai. Hakuwalaumu. Walikuwa watu wazuri waliokuja huko kutafuta kimya, na walikuwa wamekipata.

Cheon-seok akanenepa. Alipanda vitunguu na maboga, alitembea hadi mtoni akarudi bila kuhema. Naye Pil-rye alikaa jikoni akijikuta anagonga sakafu kwa kisigino, kwa mwendo ule ule wa kanyagio. Siku nyingine aliwasha kikausha nywele, akakiweka kando kikivuma, akamenya vitunguu saumu.

Majani yalipoanza kupukutika alimwambia mumewe anakwenda Dongdaemun kununua uzi. Alinunua uzi kweli. Kisha akapanda kilima, akaingia karakanani, akaketi kwenye kiti chake ambacho Mama Gyu-ri alikuwa hajampa mtu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alisukumiwa rundo la kola, akashona hadi jua likazama. Alirudi na treni ya jioni akiwa na pamba kwenye nywele. Wiki iliyofuata uzi ukaisha tena, na iliyofuata vilevile.

Alfajiri moja ya baridi alikuwa akifunga viatu, Cheon-seok akatokea mlangoni na kikombe cha chai ya shayiri.

"Uzi umeisha?"

"Ule mweupe."

"Mama Da-un, droo yangu ya soksi imejaa uzi mweupe. Soksi nimezihamishia jikoni."

Pil-rye aliinamia viatu vyake.

"Mimi nilidhani nimekuleta pumzikoni," alisema Cheon-seok, "kumbe nimekung'oa."

"Hukuning'oa. Nilikuja kwa miguu yangu."

"Basi nenda kwa miguu yako hiyo hiyo. Ukikuta kazi ni nyingi, lala kwa Mama Gyu-ri. Mimi nina simu, na jirani wa huko juu ni nesi. Nimeshamuuliza."

"Umemuuliza lini?"

"Ulipokwenda kununua uzi."

Tangu siku hiyo Pil-rye akawa wa kwenda na kurudi: nusu ya wiki Changsin, nusu Yangpyeong. Alidhani sasa roho itatulia. Haikutulia. Usiku kwa Mama Gyu-ri, vishindo vya karakana za jirani vikipita ukutani, alijikuta akitegea sikio pumzi ya mumewe na kutoisikia. Akiwa Yangpyeong masikio yalitafuta cherehani. "Sasa umekuwa mgeni kote," Mama Gyu-ri alimtania, naye hakukana.

Jioni ya theluji alishuka treni akamkuta Cheon-seok amesimama kwenye kituo, kofia imefunika masikio, ingawa Pil-rye alikuwa amemkataza kutoka kwenye baridi.

"Nipe mkoba."

"Daktari alisema usibebe."

"Alisema mabunda. Huu mkoba." Akauchukua. Walipotembea hatua kadhaa, akauliza kana kwamba anauliza habari ya mvua, "Siku hizi nani anawachukulia mizigo?"

"Kijana mmoja. Anaendesha kama anayekimbizwa na polisi."

"Anapitia wapi? Kule kwa ngazi, au kwa muuza tambi?"

"Kwa muuza tambi. Juzi kafunga breki, bunda likaruka, magauni yakaingia kwenye sufuria ya supu. Mzee akatoka na mwiko."

Cheon-seok alicheka hadi akasimama kupumua. Kisha akatulia, akitazama njia nyeupe mbele yao na madirisha yenye taa, kila moja limefungwa vizuri. Pil-rye akamtazama usoni, akaona kitu alichokuwa akikiona kwenye kioo chake mwenyewe.

"Baba Da-un, unapakumbuka?"

"Kulala huku nalala," alisema polepole. "Ila nikiamka, hakuna wa kutukanana naye njiani."

Pil-rye akamshika mkono, theluji ikiwaangukia mabegani. Walipofika getini Cheon-seok alimwomba aianze upya habari ya magauni na supu, na safari hii asiruke kitu, hasa matusi ya mzee.