Fizi za Damari

Damari alianza kutema damu mwaka ule reli ilipokuwa ikijengwa kupita Iyunga. Kila akipiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Mama mkwe wake, Yudith, akamwambia, "Acha mswaki, mwanangu. Unajichubua." Damari akatii. Fizi zikavimba, zikawa kama nyama mbichi, na jino moja la mbele likaanza kucheza. Kisha ikaja harufu.

Saulo, mumewe, akawa analala amempa kisogo. Halafu akahamia kwa mama yake, akala na kulala huko. Na huyo huyo Yudith akawaambia wenzake kisimani, Damari akisikia, "Mdomo wa kusengenya ndio huoza." Wakaangua kicheko. Damari akabwaga ndoo palepale, akapanda basi kwenda mjini.

Hospitalini, daktari wa meno, Ambrosi, alimshikisha kioo. "Tazama. Meno yako mazima. Zinazougua ni fizi. Huu ukoga ulioganda shinani mwa meno ndio unaozitafuna."

"Niliambiwa niache mswaki."

"Fizi zikitoka damu ndipo mswaki unapohitajika zaidi, ila kwa upole. Nani alikudanganya?"

Damari akapanua kinywa tena. Ambrosi alimkwangua ukoga mpaka machozi yakamtoka. Lile jino lililolegea halikuokoka, likang'olewa.

Alirudi na pengo, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Saulo alikuwa anakula viazi.

"Mama, huu ni ugonjwa, na unatibika! Ulinikataza mswaki, kisha ukanitangaza kisimani!"

"Mke wangu, punguza sauti," Saulo akasema.

"Sauti? Wewe ulinikimbia bila hata kuniuliza, 'Unaumwa nini?' Ungeniuliza mapema, jino langu ningekuwa nalo!"

Yudith akainamia sufuria. "Sikujua, mwanangu."

"Kutojua nimekusamehe, mama. Kunicheka, bado."

Tangu hapo Damari akapiga mswaki taratibu asubuhi na jioni, akasukutua kwa maji ya chumvi. Baada ya wiki kadhaa damu ikakoma, harufu ikaenda zake. Saulo akaja na mkoba wake, anatabasamu.

"Kwanza nenda kwa daktari Ambrosi akutazame kinywa," Damari akamwambia akiwa amesimama mlangoni. "Nawe hujawahi kutazamwa."

Saulo akaenda, amenuna. Damari hakumsindikiza.