Eda ya Mume Aliye Hai

Mume wangu Fumo amekufa mara kumi na moja, na mara tisa nimemwona kwa macho yangu kwenye simu. Amechomwa upanga, amenyweshwa sumu, ametupwa kutoka mnarani na wanawe mwenyewe. Akishakufa, watu wa huko Ulaya husimama wakampigia makofi. Ni mwigizaji mkubwa, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, anayecheza wafalme wa michezo ya kale jukwaani, na siku hizi yumo hadi kwenye filamu. Wamemvisha nishani. Mimi ndiye mke wake, Khamisa, niko hapa Kismayo nakaanga bajia.

Tulioana Mombasa, kwenye kambi ya wakimbizi, wakati wa vita vya kwetu. Wenye misaada walitaka mchezo wa kufundisha watu kunawa mikono, na Fumo akapewa awe kipindupindu. Ebo! Alikicheza kipindupindu hicho hadi watoto wakakimbilia kwa mama zao. Mzungu mmoja akamwona. Kambi ilipofungwa, Fumo akaenda Ulaya kusomea uigizaji, mimi nikarudishwa kwetu. Aliniambia miaka miwili. Huu ni wa ishirini na saba. Tumeonana mara mbili tu, Mombasa, siku kumi kumi, na mtoto hatukujaaliwa.

Msiniulize kwa nini sikuolewa na mwingine. Nampenda. Namtaka yeye, basi.

Sasa, mwezi uliopita ndugu yangu Hussni aliniingilia jikoni na simu mkononi, rangi imemtoka. Kulikuwa na kipande cha video kilichotumwa kutoka Ras Kamboni, kikapita Burgao, hakina jina wala maelezo. Fumo kalala, kavishwa sanda, pamba puani, na watu wanamsomea Yasini. Wale wafalme wake wote walizikwa kwa masanduku na kengele. Huyu anazikwa kama sisi. Nani angedhani ni filamu? Tukampigia, simu imezimwa. Ijumaa akasaliwa sala ya ghaibu msikitini, maana maiti hatunaye, tanga likawekwa. Mimi nikavua dhahabu, nikafuta wanja, nikakaa eda.

Sijui nisemeje mkanielewa, lakini siku zile nililia nikashiba. Wanawake waliokuwa wakinicheka, ati mke wa simu, walikuja wakanishika mikono, wakaniita mjane wa Fumo. Hatimaye nilikuwa na mume. Mama yake, Mama Mwanasiti, mtu wa miaka themanini na ushei, alilala kitanda kimoja nami, na chakula hakukigusa.

Siku ya saba Fumo akapiga.

"Mbona nimekuta simu zenu arubaini? Nani kafa?"

"Wewe!"

"Mimi? Khamisa, ile ni kazi! Nilikuwa jangwani, tunapiga filamu nyingine, mtandao hakuna."

Nyumba nzima ikacheka, ikalia, ikamtukana. Mama yake akasujudu pale pale mkekani. Hussni akapiga kelele kwamba anataka arudishiwe sala yake. Nami nikaichukua simu, nikatoka uani, nikafunga mlango.

"Fumo," nikamuuliza, "ulipolala ndani ya ile sanda uliwaza nini?"

"Nisipumue," akasema. "Kamera ilikuwa karibu mno."

Nilitaka aseme aliniwaza mimi. Uongo mdogo tu, ungempunguzia nini?

"Njoo nyumbani," nikamwambia. "Mama yako amezeeka. Na mimi nimechoka, walahi nimechoka. Njoo, au niambie huji, nijue moja."

Akavuta pumzi. Kisha akanena, na sauti ile nzito, nzuri, ikaujaza ua mzima.

"Khamisa wangu, nakuja. Naapa kwa aliyeniumba, hakuna bahari itakayonizuia, wala—"

"Hayo ulimwambia malkia," nikamkata. "Yule wa mchezo wa merikebu. Hodan mwalimu alinifasiria neno kwa neno. Ukaondoka, hukurudi, mwanamke wa watu akafa akikungoja."

Nikamsikia akikohoa. Halafu ikaja sauti nyingine, ndogo, ya puani kidogo, ya yule kijana wa Koyama aliyenitongoza kwenye foleni ya maji. Sikuwa nimeisikia tangu kambini.

"Siji, Khamisa," akasema. "Naogopa. Huko sijui tena nikae vipi, niseme nini na watu. Siji."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiingojea sauti ile. Nilitamani kumtukana, nikashindwa. Nikamwambia asante, na avae vizuri, huko kuna baridi. Talaka hakuitaja, wala mimi sikuitaja.

Nilipofungua mlango, Mama Mwanasiti alikuwa amesimama pale, ameegemea ukuta, kajifunga leso mpya.

"Yuaja lini, mwanangu?"

"Baada ya Idi, mama. Ameapa."

Nilisema nikimtazama machoni, huku nikitabasamu, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Akaamini. Akaniambia nimtafutie chokaa, tuanze kupaka chumba cha mwanawe.